Maji ya Moto Yakikosekana, Anza na Kihisi

Saa kumi alfajiri, kando ya Ziwa Naivasha, ndipo waridi huwa hatarini zaidi. Hewa ndani ya kivungulio imepoa, unyevu umekaribia asilimia 100 na matone yameanza kukaa juu ya petali. Hapo ukungu wa kijivu hupata makao, na ua lililokatwa likiwa zuri hufika Ulaya lina madoa.

Shamba la Oserian lilipata kinga kutoka chini ya ardhi. Mwaka 2003 lilianza kutumia mvuke wa kisima cha Olkaria kilichokodishwa kutoka kampuni ya umeme ya KenGen. Mvuke huo ulipasha maji safi, nayo yakazungushwa kwa mabomba ndani ya vivungulio, hadi mradi ukafikia hekta 50. Joto likipanda kidogo tu, unyevu hushuka na haja ya kunyunyiza dawa za kuvu hupungua. Hata hewa ya kaboni iliyotoka na mvuke haikutupwa. Ilielekezwa kwenye maua ili yakue vizuri.

Katika vivungulio vya namna hii, kazi ya kufungua na kufunga joto usiku huachiwa thamostati na kihisi chake. Wakulima wanajua jambo ambalo wenye nyumba wengi hawajaambiwa: thamostati haijui hali ya kivungulio kizima wala ya tangi zima. Inajua joto la pale kihisi kilipo, basi. Kihisi kikipigwa na jua husoma joto kubwa kuliko la hewa, na mtambo huzimwa mimea ikiwa bado kwenye baridi. Ndiyo maana hutundikwa kwenye kimo cha mimea, mahali pa kivuli penye hewa inayopita.

Nakuru mjini, kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ni nyumba chache zinazopashwa joto. Baridi ikizidi, watu huvaa sweta. Kilio ni maji ya kuoga. Kanuni za serikali za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku wafunge mitambo ya jua, na leo anayejenga anaweza pia kuchagua pampu ya joto yenye thamostati inayoongozwa kwa simu.

Pampu hiyo ni friji iliyogeuzwa: huvuta joto kutoka hewa ya nje na kulisukuma ndani ya maji. Kwa uniti moja ya stima inaweza kutoa takriban uniti tatu za joto. Lakini hewa ikipoa, kama usiku wa Molo au Mau Narok, kazi huwa nzito na uwiano huo hushuka. Kwa hiyo mitambo mingi huwekewa elementi ya umeme ya akiba, na elementi haina nafuu yoyote: uniti moja hutoa uniti moja.

Hapa ndipo tokeni za stima huishia bila mtu kujua. Mwenye nyumba hushusha joto la maji hadi nyuzi 40 anapotoka, kisha jioni hulipandisha hadi 60 kwa mkupuo. Thamostati huona pengo kubwa na kuiita elementi. Afadhali kuliacha joto lilipo, na kuipa pampu kazi mchana hewa ikiwa na joto. Kulishusha mno kuna hatari nyingine pia: bakteria wa lejionela hustawi katika maji ya uvuguvugu, ilhali nyuzi 60 huwaua.

Stima ikipotea na kurudi, kompresa nyingi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena, ili zisiharibike. Ukimya huo si ubovu. Anayebonyeza vitufe hovyo wakati huo huongeza shida tu. Baada ya dakika kumi, mwenye nyumba aangalie saa ya thamostati: ikiwa imerudi sifuri, ratiba yote imehama na maji yanaweza kupashwa usiku wa manane. Simu nayo ikishindwa kuiona thamostati, mara nyingi sababu ni ruta. Vifaa vingi vya aina hii husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, na simu ikiwa kwenye masafa ya 5 wakati wa kuviunganisha, havipatani.

Yote hayo yakiwa sawa na maji bado baridi, fundi mzuri huzima swichi kuu, hufungua kifuniko cha tangi na kutafuta kihisi. Hicho hukaa ndani ya kifuko chembamba cha chuma kinachoingia majini. Wakati mwingine kimechomoka urefu wa kidole na kuning'inia hewani, kikisoma joto la sanduku badala ya maji. Kukirudisha na kukibana ni kazi ya muda mfupi, wala hakuna kifaa kipya cha kununua.

Mwenye nyumba mwenyewe anaweza kupima bila kugusa waya. Afungulie maji ya moto kwenye mfereji ulio karibu na tangi, ayakinge kikombeni, atumbukize kipimajoto cha jikoni na kulinganisha na namba ya kwenye thamostati. Tofauti ikiwa ileile kila mara, kihisi kinahitaji kusawazishwa. Ikiwa inabadilika ovyo, kihisi kimelegea au kimechoka. Ndani ya kifuniko kuna volti 240, kwa hiyo kuanzia hapo kazi ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati.