TIBA ZA MAUMIVU SUGU BILA YA UPASUAJI: UFAFANUZI KWA WANANCHI NA WATUMISHI WA SERIKALI

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali, wanaletewa ufafanuzi huu kuhusu tiba za maumivu ya muda mrefu zisizohitaji kisu cha mpasuaji. Si jambo geni kuona familia ikiuza shamba au kukopa fedha ili mgonjwa wao asafirishwe kwenda kuchomwa sindano ya mgongo, ilhali hakuna aliyewaeleza sindano hiyo inafanya kazi gani, nafuu yake hudumu kwa muda gani, na iwapo maradhi ya mgonjwa ni ya aina inayofaa kutibiwa hivyo.

Maumivu huitwa sugu yanapozidi miezi 3. Maumivu ya kiuno peke yake yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani katika mwaka 2020. Kwetu yanajulikana na mkulima wa mwani anayeinama majini saa nyingi na kisha kubeba gunia lililorowa, mchukuzi wa bandarini, na karani anayekaa kitini kutwa nzima. Walio wengi miongoni mwa wagonjwa hao hawana mfupa uliovunjika wala uvimbe. Aghlabu kilichoanza kama mkazo wa misuli au wa viungo hupona, lakini mishipa ya fahamu huendelea kupeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo, mfano wa kengele ya hatari inayoendelea kulia ilhali moto umeshazimwa. Mgonjwa hasingizii, maumivu anayoyasikia ni ya kweli.

Kwa sababu hiyo picha ya uti wa mgongo isichukuliwe kuwa ndiyo hukumu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu wasiokuwa na maumivu yoyote, ulionesha kuwa asilimia 37 ya watu wa umri wa miaka 20 walikuwa na pingili zilizoanza kuchakaa, na kwa watu wa umri wa miaka 80 kiwango kilifika asilimia 96. Mtu anayesomewa kwenye karatasi kwamba pingili zake zimechakaa anaweza kuwa amesomewa umri wake tu.

Sasa tuzieleze sindano zenyewe, maana ndipo fedha nyingi zinapokwenda. Ya kwanza ni sindano ya dawa ya jamii ya steroidi, ambayo huchanganywa na ganzi na kupelekwa karibu na mshipa wa fahamu unapotoka kwenye uti wa mgongo, au ndani ya kiungo kama vile goti. Dawa hiyo hupunguza uvimbe, na nafuu yake, ikipatikana, kwa kawaida ni ya wiki chache hadi miezi michache. Haiirudishi pingili mahali pake wala haiotesti gegedu jipya. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2017 ulibainisha kuwa wagonjwa wa goti waliochomwa dawa hiyo kila baada ya miezi 3 kwa muda wa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti ya maana. Mwenye kisukari naye ajue kuwa sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano.

Ya pili ni tiba ya kuunguza mshipa mdogo wa fahamu kwa mawimbi ya redio. Daktari huingiza sindano nyembamba akiongozwa na picha ya eksirei, na ncha yake hupashwa joto la kiasi cha nyuzi 80 kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo, ili mshipa unaopeleka maumivu kutoka kwenye kiungo cha pingili ukatike mawasiliano. Mgonjwa hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini mshipa huo huota tena, na maumivu yanaweza kurudi baada ya miezi kadhaa.

Wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Miongozo ya tiba ya Uingereza ya mwaka 2016 iliruhusu kuunguza mshipa kwa mgonjwa ambaye tiba nyengine zimeshindwa, maumivu yake ni 5 au zaidi katika kipimo cha 10, na ambaye kwanza amechomwa ganzi ya majaribio mahali hapo akapata nafuu. Sindano ya steroidi ya uti wa mgongo iliruhusiwa kwa maumivu makali na mapya yanayoteremka mguuni. Mwaka 2025 jopo la kimataifa lilitoa mwongozo katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, likashauri kwa mkazo kwamba tiba zote hizo mbili zisitumike kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyotokana na saratani, kwa kuwa manufaa yake juu ya tiba ya bandia ni madogo mno au hayapo. Ni dhahiri basi kwamba shamba lisiuzwe kwa ahadi ya sindano.

Mwezi Disemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno. Lilipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, kukandwa, ushauri wa kitaalamu unaomsaidia mgonjwa kuondokana na khofu ya maumivu, na pia tiba ya sindano za Kichina, ambayo si ngeni kwetu kwani madaktari kutoka Jiangsu walianza kuja Zanzibar mwaka 1964. Mikanda ya kiuno, kuvutwa uti wa mgongo kwa mizani, na dawa za jamii ya afyuni havikupendekezwa. Wengi watasikitika kuhusu mkanda, maana umeshanunuliwa.

Mazoezi ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote, pengine kwa sababu hayauzwi. Kutembea kila siku, kuanzia dakika 10 na kuongeza kidogo kidogo, kunafaa kuliko kulala kitandani. Maumivu yakizidi kidogo siku za mwanzo si dalili kwamba mgongo unaharibika.

Wananchi wanatahadharishwa pia juu ya dawa za dukani. Diklofenaki ikitumika kwa miezi bila ya uangalizi huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na hupandisha shinikizo la damu. Wanaopendelea kuumikwa chuku wahakikishe kila wembe ni mpya na unatupwa baada ya mtu mmoja, kwani homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita kwa njia hiyo.

Yapo maumivu yasiyongojea mazoezi. Mtu mwenye maumivu ya mgongo apelekwe hospitali bila ya kuchelewa iwapo amekufa ganzi sehemu za siri na mapajani, ameshindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, mguu unalegea, ana homa au jasho la usiku pamoja na kukonda (kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo), aliwahi kuugua saratani, au ameanguka kutoka juu ya mkarafuu au mnazi. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Alazwe sawasawa juu ya ubao.

Wakuu wa idara na vitengo nao wanaombwa wasihesabu kuwa ni uvivu mtumishi anapoinuka kitini kila baada ya nusu saa kujinyoosha. Pale inapowezekana, apewe kazi nyepesi aendelee kuhudhuria, badala ya kupewa likizo ndefu ya kulala nyumbani.

Anayeshauriwa kuchomwa sindano amuulize daktari jina la dawa, mahali itakapochomwa, nafuu itarajiwe kwa muda gani, na jambo gani litafanywa isipofaa. Majibu yaandikwe. Aende pia na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, na hasa zile za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa mwenye kuzitumia anaweza kuvujia damu kwenye uti wa mgongo baada ya kuchomwa.