Depositi ya Nyumba Mpya: Soma Jina Kwanza

Jengo ni jipya, pale Roysambu. Rangi bado inanukia na keja iko karibu na steji. Ajenti anakuharakisha: "Tuma depositi saa hii, kuna mtu mwingine anakuja jioni." Pole pole, rafiki. Kwanza ingia ndani. Fungua mfereji, washa stima, uliza kama mita ya tokeni ni yako peke yako. Kisha omba mkataba wenye nambari ya Paybill au Till ya mwenye nyumba. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Halifanani na la mkataba? Usitume. Likifanana, lipa, halafu utunze ule ujumbe. Siku ya kuhama, ndio ushahidi wako ukidai depositi.