Seli za Glia: Gundi au Walinzi wa Ubongo?

Mnamo mwaka wa 1856 mtaalamu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, aliipa jina la "glia", yaani gundi kwa Kiyunani, tishu iliyojaza nafasi baina ya seli za neva ubongoni. Jina hilo liliwaelekeza wengi kuidhania tishu hiyo kuwa kitu cha kushikiza tu. Sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kuutafakari mfano huu, kwani atakayetafsiri "glia" kuwa "seli za gundi" atakuwa amelihamishia kosa la karne ya kumi na tisa katika Kiswahili cha leo.

Kazi ya seli hizi ni ipi basi? Mwaka wa 1919 Mhispania Pío del Río-Hortega alizibainisha zile ndogo miongoni mwazo, akaziita maikroglia. Hizi ndizo askari wa ubongo. Mwaka wa 2005 watafiti walizitazama katika ubongo wa panya hai, wakaona kwamba hata pasipo maradhi matawi yake hayatulii: hunyooka, hurudi, hupapasa kila upande. Mshipa mwembamba wa damu ulipojeruhiwa, matawi ya jirani yalielekea hapo kwa dakika chache. Aidha, maikroglia humeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa, na kutoa kemikali za kuamsha kinga.

Mwitiko huo wengi huuita "uvimbe". Neno hili lafaa kwa kidole kilichochomwa na mwiba, chenye joto, wekundu na maumivu. Ubongoni laleta utata, maana "uvimbe" ni pia nyama iotayo mwilini, na mwitiko wa maikroglia huweza kudumu miaka mingi pasipo ubongo kuvimba, kama ilivyo katika maradhi ya Alzheimer. Kwa maoni yangu "inflamesheni", ingawa halipendezi sikioni, ni salama zaidi.

Je, tuziite "seli za ulinzi"? Hapana. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maikroglia zilizochochewa hutoa kemikali zinazozigeuza astrosaiti, yaani glia zenye umbo la nyota ambazo kwa kawaida huzitunza neva, zikawa zenye kuziua neva hizo hizo. Jina la ulinzi lingeficha nusu ya habari, sawa na lile la gundi. Afadhali "glia" libaki lilivyo, katika ngeli ya I-/ZI-: glia hii, glia hizi.