Fahamu: Breki ya kupimia mota ya umeme ni nini?

Ni kifaa kinachofungwa kwenye shafti ya mota, kikaizuia na kupima msokoto wake. Bila mzigo huo, uwezo halisi wa mota haujulikani.

Nguvu hupatikanaje?

Zidisha msokoto kwa mizunguko ya dakika, kisha gawanya kwa 9.55. Nyutonimita 10 kwenye mizunguko 1,500 ni takriban wati 1,570.

Ipi inafaa?

Breki ya msuguano, iliyobuniwa na Mfaransa Gaspard de Prony mwaka 1821, ni rahisi kutengeneza, ila vipimo vyake huyumba inapopata moto. Breki ya diski na sumaku-umeme haina msuguano na hufaa mwendo wa kasi. Lakini shafti ikisimama, haizuii chochote! Kwa hiyo msokoto wa kuanzia, ule unaoiondoa pikipiki ya umeme mlimani ikiwa na abiria, upimwe kwa breki ya unga wa sumaku.

Joto

Hili lisipuuzwe kamwe. Karibu nguvu yote inayotoka kwenye shafti huishia kuwa joto ndani ya breki. Breki inayomudu wati 1,570 kwa dakika moja inaweza kuungua kwenye jaribio la saa nzima. Kabla ya kununua, soma uwezo wake wa kufanya kazi mfululizo.