Moteri Iliyopozwa kwa Barafu

Jumapili tarehe 26 Juni 1960, siku nne kabla ya uhuru wa Kongo, mafundi wachache Wamarekani walionekana katika mji wa Le Mans, nchini Ufaransa, wakibeba barafu mikononi na kuipanga juu ya moteri ya motokari. Yasimuliwa kwamba barafu ile ilikuwa imewekwa kwa kupoza vinywaji na chakula. Motokari yenyewe ilikuwa Chevrolet Corvette nyeupe, yenye milia miwili ya buluu na namba 3 ubavuni. Ilikuwa imekimbia tangu saa kumi alasiri ya jana yake, usiku na mchana. Na sasa, zikiwa zimesalia saa chache tu, maji ya kupoza moteri yalikuwa yamepotea. Jinsi mambo yalivyokwisha tutaeleza baadaye. Kwanza yafaa tujue motokari ile ilikuwa ya namna gani, kwa maana ndani yake mlikuwa na chombo kilichowashangaza watu wa miaka ile, nacho hata leo kina wapenzi wake na wanaokilalamikia.

Kila aliyepata kusimama karibu na fundi akitengeneza motokari ajua ya kuwa moteri haili esansi peke yake. Yataka hewa pia, tena kwa kipimo. Kazi ya kuchanganya viwili hivyo, kwa miaka mingi, ilikuwa ya karburateri. Tuifananishe na kibakuli kilichojaa esansi, na juu yake njia nyembamba ya hewa. Hewa ikipita kwa nguvu, huvuta esansi, nayo hutawanyika kama ukungu na kuingia katika moteri. Njia hii ni rahisi na haina gharama kubwa. Lakini mtu akipiga kona kwa mwendo mkali, esansi hupanda upande mmoja wa kibakuli, kama maji ndani ya ndoo ya mtoto anayekimbia. Mara moteri hukosa chakula, mara husongwa nacho. Shofere wa mashindano apiga kona mamia kwa siku moja, na katika kila kona apoteza kidogo.

Wenye kamyo za mazuti wajua njia nyingine. Ndani ya moteri zao mna pompi inayosukuma mazuti kwa nguvu, hayangoji kuvutwa. Kiwanda cha Bosch cha Ujerumani kilianza kuunda pompi hizo kwa wingi mwaka 1927. Basi mafundi wengi walijiuliza: kwa nini esansi nayo isisukumwe? Katika Marekani, Stuart Hilborn wa California aliunda chombo cha namna hiyo kwa motokari za mashindano katika miaka ya 1940. Mwaka 1954 Mercedes wakaanza kuuza 300 SL, ambayo ilisukumiwa esansi mpaka ndani ya silinda. Lakini motokari hiyo ilikuwa ya matajiri.

Mtu aliyelipeleka jambo hili mbele katika kiwanda cha Chevrolet alizaliwa Brussels, katika Ubelgiji, mwaka 1909. Jina lake Zora Arkus-Duntov. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Urusi. Akakua Urusi, akasoma uhandisi Berlin, na mwaka 1940, Wajerumani walipoiteka Ufaransa, akakimbia mpaka New York. Huko, mwezi wa Januari 1953, aliiona Corvette ya kwanza katika maonyesho. Aliipenda sura yake, lakini alijua kwamba chini ya sura ile hapakuwa na moyo: silinda sita tu, na gia mbili zinazobadilika zenyewe. Akaandika barua kwa mkubwa wa wahandisi wa Chevrolet, na katika mwezi wa Mei mwaka ule ule akapewa kazi.

Duntov hakuwa mtu wa kukaa mezani tu. Yeye mwenyewe alikimbia Le Mans, na katika miaka ya 1954 na 1955 alishinda katika kundi la motokari ndogo, akiendesha Porsche. Mwaka 1956, alipokuwa akijaribu Corvette, alipata ajali akavunjika pingili ya uti wa mgongo. Akafungwa kiwiliwili kizima ili mfupa uunge, naye akaendelea na kazi amesimama, kwa kuwa kuketi kulimshinda. Kazi hiyo ndiyo chombo cha kusukuma esansi, alichokishughulikia pamoja na mhandisi John Dolza.

Chombo hicho kiliitwa Ramjet, kikaundwa na Rochester, tawi la General Motors. Hakina akili ya umeme ya mashine za siku hizi. Hewa inayoingia hupita mahali pembamba, na hapo huzaa mvuto. Mvuto huo husogeza kiwambo, na kiwambo huamuru kilango: esansi kiasi hiki iende kwenye moteri, kiasi hiki irudi. Pompi ya meno yakaa chini, imezama katika esansi yenyewe, ndiyo maana kona haziisumbui sana. Huzungushwa kwa kamba ya chuma inayozunguka ndani ya ala yake. Mwisho wa njia mna midomo minane midogo, mmoja kwa kila silinda, inayomwaga esansi bila kukoma. Atakayefikiri habari hii ataona uzuri wake: moteri yenyewe, kwa kuvuta pumzi, yapima chakula chake.

Katika motokari za mwaka 1957, moteri ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6 hivi, ilitoa nguvu za farasi 283. Chevrolet walijisifu sana kwa hesabu hiyo ya farasi mmoja kwa kila inchi. Sisi twakumbuka kwamba Chrysler walikuwa wamekwisha kufikia kipimo hicho mwaka mmoja mbele, kwa karburateri mbili. Lakini wauzaji hawana desturi ya kutaja jirani. Mnunuzi aliyetaka chombo kile alilipa dola 484 zaidi, juu ya motokari yenye bei ya dola 3,176. Katika Corvette 6,339 za mwaka ule, 1,040 tu zilikuwa nacho.

Mwezi wa Machi 1957 Corvette zikaenda Sebring, katika Florida, kukimbia saa 12 juu ya kiwanja cha zamani cha ndege za vita. Duntov alikuwa ameunda motokari ya pekee kwa mashindano hayo, nyepesi sana. Ilivunjika baada ya mizunguko 23. Lakini Corvette ya namna ile waliyonunua watu wote, ikiendeshwa na Gaston Andrey na Dick Thompson, aliyekuwa daktari wa meno, ilimaliza ya 12 katika zote na ya kwanza katika kundi lake. Mara nyingi ndivyo ilivyo katika mashindano: fahari ya kiwanda yalala kando ya njia, na yule asiyetazamwa afika.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Aprili, NASCAR, shirika la mashindano ya motokari za kawaida, liliukataza ufundi huo katika michezo yake. Mwezi wa Juni viwanda vya Marekani vikapatana kuacha kabisa kushughulika na mashindano. Tangu hapo aliyetaka kukimbia alikimbia kwa mfuko wake.

Basi turudi Le Mans. Tajiri mmoja wa Marekani, Briggs Cunningham, alileta Corvette tatu, zote zenye chombo cha Rochester. Mashindano yale ni ya saa 24: siku zile mashofere wawili walipokezana, na anayekwenda mbali zaidi ndiye mshindi. Siku ya kwanza mvua kubwa ilinyesha, na Corvette namba 1 ikapinduka. Siku ya pili moteri ya namba 2 ikafa. Ikabaki namba 3, mikononi mwa John Fitch na Bob Grossman.

Fitch hakuwa mgeni wa mahali pale. Alikuwa rubani wa ndege za vita, naye alipata kuangushwa na kutekwa na Wajerumani mwaka 1945. Lakini jambo lililobaki moyoni mwake zaidi lilimpata hapo hapo Le Mans, tarehe 11 Juni 1955. Mwaka ule alikuwa katika kundi la Mercedes, akipokezana na Mfaransa Pierre Levegh. Levegh alianza, Fitch akangoja zamu yake. Zamu hiyo haikufika. Motokari ya Levegh iligonga nyingine, ikaruka, ikavunjika juu ya watazamaji. Walikufa watu zaidi ya 80, na Levegh miongoni mwao. Fitch alikuwa mmoja wa walioshauri kwamba Mercedes waondoke, wasiendelee kukimbia mbele ya maiti wengi namna ile. Na usiku ule motokari zao zilizobaki zikaitwa, zikaacha. Mashindano yenyewe hayakusimamishwa. Waliyoyaongoza walisema kwamba makundi ya watu wakitoka pamoja wangeziba njia ya waliobeba majeruhi. Labda walisema kweli. Lakini hatuwezi kusoma habari hiyo bila uchungu.

Kwa hiyo miaka mitano baadaye mtu huyu aliketi tena katika motokari ya kukimbia, katika njia ile ile. Mwenye kumlaumu na amlaumu. Sisi twaona hakwenda kama mtu aliyesahau.

Maji yalipopotea, sheria iliwafunga. Hakuna aliyeruhusiwa kuongeza maji wala oili kabla ya kumaliza mizunguko 25 tangu alipoongeza mara ya mwisho. Kuendelea bila maji ni kuiyeyusha moteri. Kusimama mpaka mwisho ni kupoteza mashindano, maana motokari yapaswa ivuke mstari ikienda kwa nguvu zake yenyewe. Ndipo wakakumbuka barafu. Sheria ilikataza kutia maji ndani ya moteri. Haikusema neno juu ya barafu nje yake. Motokari ikawa yaenda mzunguko mmoja polepole, yarudi, yafunuliwa, yapakiwa barafu, yaondoka tena ikitoa mvuke. Watazamaji wakaanza kushangilia kwa kila mzunguko, kana kwamba ndiyo inayoongoza.

Saa kumi alasiri ikagonga, na namba 3 ikavuka mstari. Ilikuwa ya nane katika zote na ya kwanza katika kundi lake, baada ya kwenda zaidi ya kilometa 3,500. Ushindi mkubwa ulikwenda kwa Wabelgiji wawili waliokuwa katika Ferrari: Paul Frère, aliyekuwa pia mwandishi wa habari za motokari, na Olivier Gendebien. Huyu Gendebien alikuwa amekaa miaka kadhaa katika Kongo baada ya vita, katika kazi za misitu.

Chombo cha Rochester kiliendelea kuuzwa katika Corvette mpaka mwaka 1965, moteri ikiwa imefika nguvu za farasi 375. Kikaachwa kwa sababu moteri kubwa zaidi yenye karburateri ilitoa nguvu nyingi kuliko hizo, tena kwa fedha kidogo. Na tuseme kweli, hata wenyewe walikuwa wamechoka. Uchafu mdogo waziba mdomo. Kamba ya pompi yakatika. Moteri ikizimwa ikiwa na joto kali, esansi yachemka ndani ya vibomba, na mwenyewe abaki njiani akiomba asukumwe. Mafundi wengi hawakukielewa. Walikivua, wakaweka karburateri, na chombo kikatupwa nyuma ya gereji.

Leo vyombo hivyo vilivyotupwa vyatafutwa kwa fedha nyingi. Huko Monterey katika California, na katika Le Mans Classic iliyoanza mwaka 2002, motokari za kale hukimbia tena, wala hazikimbii kwa adabu ya wazee. Wako wanaosema kwamba ni kosa kuhatarisha vitu visivyoundwa tena, afadhali vikae katika nyumba ya makumbusho. Twaelewa hofu yao. Hata hivyo, chombo hiki hakionyeshi kazi yake kikiwa kimekaa kimya nyuma ya kioo. Shida ni kwamba mafundi wanaojua kukipima ni wachache, na wengi wao wamezeeka. Tena esansi ya siku hizi, yenye pombe ndani yake, hula viwambo na mipira ya zamani, hata yabidi kuweka vipya. Kijana anayetaka kujifunza lazima akae karibu na mzee, atazame mikono yake.

John Fitch aliishi mpaka mwaka 2012, akafa mwenye miaka 95. Wengi wa wanaopita katika kazi yake hawalijui jina lake. Katika barabara kubwa za Marekani, mbele ya nguzo na kuta ambapo motokari yaweza kugonga, yamepangwa mapipa ya plastiki yenye mchanga. Mapipa hayo ni yake. Wakati wa vita alikuwa amezungushia hema lake mikebe ya mafuta iliyojaa mchanga, kujikinga na risasi za ndege. Baada ya Le Mans aliikumbuka mikebe ile. Alipotaka kujua kama mapipa yatamwokoa mtu, hakumtuma mwingine: aliingia katika motokari mwenyewe, akayagonga kwa mwendo wa kilometa 110 kwa saa.

Mwaka 2010, miaka 50 baada ya barafu, Corvette namba 3, iliyopotea na kupatikana na kutengenezwa upya, ilirudishwa Le Mans. Fitch alikuwa na miaka 92. Walimpeleka pamoja nayo.