Je, Wajua? Pipa la Nili la Wajapani Lina Uhai

Wapenzi wa vitambaa wanaozuru Japani hawaishii kutazama kimono. Wengi huvuka hadi Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, kitovu cha nili, mmea unaotoa rangi ya buluu. Je, wajua kwamba…

Mafuriko yalileta utajiri? Mto Yoshino ulifurika msimu wa tufani na kuharibu mpunga. Nili ilivunwa kabla ya tufani, na tope la mto likarutubisha shamba upya. Wafanyabiashara wa nili walitajirika. Majumba yao bado yapo Wakimachi, yenye kuta za kuzuia moto zilizojengwa pia kwa kujionyesha.

Majani huchachushwa kwa takriban siku 100? Majani makavu hurundikwa ghalani, humwagiwa maji na kugeuzwa mara kwa mara. Rundo hupata joto la nyuzi 60 au zaidi, kisha huwa kama mboji nyeusi iitwayo sukumo.

Rangi hulishwa? Nili haiyeyuki majini. Sukumo hutiwa pipani pamoja na maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano. Wengine huongeza sake, pombe ya mchele. Bakteria waliomo wakishiba, huigeuza rangi ikayeyuka. Fundi hutambua kwa povu la buluu linaloelea juu.

Kitambaa hutoka pipani kikiwa kijani? Kikikutana na hewa ndipo hugeuka buluu. Anayetaka buluu iliyokoza hukichovya tena na tena.

Mbegu ziliwahi kufichwa? Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na baadaye mashamba ya nili ya Japani yakapungua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kilimo cha nili kilipigwa marufuku ili ardhi itoe chakula. Kwa kuwa mbegu zake hazidumu, Tokushima zilipandwa kwa siri ili zisipotee.

Mafundi wa Arimatsu wamekuwa wakifunga mafundo tangu mwanzo wa karne ya 17? Katika mji huu, ambao sasa ni sehemu ya Nagoya, kitambaa hufungwa kwa uzi kabla ya kuchovywa. Palipofungwa hubaki peupe. Kuna mitindo zaidi ya 100, na kwa desturi kila fundi alibobea katika mmoja.

Mgeni anayetaka kujaribu aende makumbusho ya Ai no Yakata, mjini Aizumi, achovye leso yake mwenyewe. Avae glavu: nili hung'ang'ania kucha kwa siku kadhaa.