Jina la Mwandishi na Hatima ya Mswada

Kila jarida la kitaaluma hudai kuwa hupima makala, wala halimpimi mwandishi. Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Douglas Peters na Stephen Ceci, walichapisha jaribio lililolitia dai hilo mashakani. Walichukua makala 12 za watafiti wa idara mashuhuri, moja kutoka katika kila jarida kati ya majarida 12 ambayo wahakiki wake huona jina la mwandishi. Wakabandika majina na taasisi za kubuni, kisha wakazirudisha kule kule zilikochapishwa. Makala 3 tu ziligunduliwa. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa. Na sababu iliyotajwa mara nyingi ni kasoro kubwa za mbinu za utafiti.

Yapo mapingamizi yenye uzito. Majarida hayo yalikuwa yakikataa takriban asilimia 80 ya miswada, hivyo yamkini wahakiki walitofautiana tu. Lakini utetezi huo humwondolea mhariri kosa la upendeleo na kumtwisha lile la kubahatisha.

Dawa iliyozoeleka ni kuficha jina. Katika taaluma ya Kiswahili, dawa hiyo ni hafifu. Wanaotafiti Chimwiini cha Barawa, au Kimakunduchi cha kusini mwa Unguja, ni wachache mno. Mhakiki akishaona mifano ya sentensi na mahali ilikokusanywa, amekwisha kumtambua mwandishi. Pengine ndiye aliyemsimamia tasnifu yake. Mwanafunzi wake atapita kwa wepesi. Hasimu wake ataambiwa kwamba data haitoshi, na maneno hayo mawili, yasiyogharimu chochote kuyaandika, yaweza kumchelewesha mhadhiri kijana kupanda cheo, kwa kuwa cheo hutegemea machapisho.

Lililo muhimu zaidi, basi, ni mhakiki kulazimika kutoa sababu kuliko mwandishi kufichwa. Mhariri anayedai aonyeshwe ni mfano upi usiotosha, na kwa hoja ipi, humnyima mhakiki mahali pa kujificha. Aidha, mhakiki wa pili atafutwe nje ya kundi la marafiki na mahasimu, hata kama si bingwa wa lahaja hiyo. Huenda asijue Kimakunduchi, lakini ataweza kuona iwapo hitimisho linatokana na mifano iliyowekwa mbele yake.